Shamba la Nabothi
Fedha, kazi na kuridhika katika tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda

Mpe mwanafunzi yeyote wa fasihi swali kuhusu dini katika maandishi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na jibu utalipata kabla hujamaliza kulisoma swali lenyewe: dini ni kasumba, mzungu alikuja na Biblia mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, maskini akaambiwa afumbe macho asali, na alipoyafumbua shamba lilikuwa limekwenda. Basi. Alama ameshapata, kalamu anaiweka chini, anakwenda zake kunywa chai.

Katika makala haya nataka kubisha kidogo. Sisemi jibu hilo ni la uongo. Nasema ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu hasa sisi tunaoamka alfajiri kutafuta kibarua siku sita, na siku ya saba tukaenda kanisani kuimba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia imani yake ni kasumba tupu, atakusikiliza kwa adabu, kisha ataondoka. Na akiondoka, uhakiki wetu umebaki na nani? Umebaki na sisi wenyewe, tunapigiana makofi.

Kitabu nitakachokishika ni tamthilia iliyoandikwa kwa Kikuyu kwa jina la Ngaahika Ndeenda, na wasomaji wa Kiswahili tunaijua kama Nitaolewa Nikipenda. Waliiandika watu wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliiigiza katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo serikali ya Kenya ikaondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akatoka Desemba 1978. Mchezo unaoogopwa kiasi hicho baada ya wiki sita tu, hapana budi una jambo ndani yake zaidi ya lile tunalolikariri kwenye mitihani.

Kwa ambaye hajausoma, kisa ni hiki. Kĩgũũnda ni kibarua katika shamba la tajiri mmoja. Ana mke, Wangeci, na binti, Gathoni. Ana pia ekari moja na nusu ya ardhi, na hatimiliki ya kipande hicho ndiyo fahari ya nyumba. Tajiri anayemwajiri anaitwa Ahab Kĩoi wa Kanoru, mkewe anaitwa Jezebel, na wote wawili ni watu wa kanisa. Kĩoi na wenzake wanamjia Kĩgũũnda kumhimiza yeye na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, kwa sababu ile ya kimila wanaihesabu kuwa ni kuishi katika dhambi. Kĩgũũnda hana pesa za arusi ya namna hiyo. Anakopa benki, na dhamana ni hatimiliki yake. Kumbe Kĩoi ni mmoja wa wakubwa wa benki hiyohiyo. Wakati huohuo mtoto wa Kĩoi anampa Gathoni mimba na kumkana. Kĩgũũnda anapokwenda kudai haki ya binti yake, ugomvi unazuka, upanga unachomolewa, bastola inajibu. Anafutwa kazi. Mkopo unadaiwa. Shamba linapigwa mnada, na anayelitwaa ni Kĩoi.

Sasa tuanze na majina. Msomaji wa haraka ataona kuwa Ahab na Jezebel ni majina ya kuwatukana tu matajiri, kama vile mtu anavyompachika jirani yake jina la Firauni. Mimi naona majina haya ni ufunguo, na mlango wake umo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nitaisimulia kwa maneno yangu, maana wengi tunaikumbuka nusunusu tu.

Palikuwa na mtu akiitwa Nabothi, na shamba lake la mizabibu lilipakana na jumba la mfalme Ahabu huko Yezreeli. Mfalme akalitamani, alifanye bustani ya mboga. Na tuseme kweli, hakuja kwa kishindo. Alikuja kama mfanyabiashara mstaarabu: nitakupa shamba jingine lililo bora kuliko hili, au ukitaka nitakulipa fedha. Nabothi akakataa. Huu ni urithi wa baba zangu, akasema, Mungu hawezi kuniruhusu niutoe. Ahabu akarudi nyumbani, akajitupa kitandani, akageukia ukuta, akakataa kula. Mkewe Yezebeli akamwambia ainuke ale, shamba atampatia yeye. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akaagiza itangazwe siku ya kufunga, Nabothi akalishwe mbele ya watu, na wapatikane mashahidi wawili wa kumsingizia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe akafa. Ahabu akashuka kwenda kulimiliki shamba, na humo humo shambani akamkuta nabii Eliya anamngojea.

Hebu weka visa hivi viwili pamoja. Kipande kidogo cha ardhi kinachotamaniwa na mtu ambaye tayari ana ardhi tele. Njia ya karatasi, barua na mihuri kule, hati na mkopo huku. Na jambo ambalo naona wengi hatulisemi: kule unyang'anyi umefunikwa kwa siku ya kufunga, huku umefunikwa kwa arusi takatifu. Yezebeli alijua, na Kĩoi anajua, kwamba shamba la maskini haliibwi vizuri bila ibada kutangulia.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wetu aliyeandika kwamba mchezo huu unaipiga vita Biblia amekosa shabaha. Silaha iliyoinuliwa dhidi ya Kĩoi imetolewa katika Biblia yenyewe. Watu wa Kamĩrĩĩthũ, ambao Maandiko wameyasikia tangu utotoni, hawakuhitaji mhakiki wa kuwaeleza. Jina Ahab likitamkwa tu jukwaani, walijua shamba la nani linakwenda.

Nikifika hapa ndipo ninapotaka kuuliza swali langu, ambalo ni swali la kuridhika. Kanisani tumehubiriwa neno hili hata limechakaa. Maskini, ridhika. Kibarua, ridhika na ulicho nacho, wengine hata hicho hawana. Mahubiri kama haya nimeyasikia kwa masikio yangu, na mara nyingi yametoka kwa mtu aliyekuja na gari. Ndiyo maana vijana wengi neno lenyewe wanalichukia. Wanalisikia kama amri ya kunyamaza.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe katika lugha yetu. Kuridhika, kuridhia, ridhaa, radhi: huu ni ukoo mmoja. Ndani ya kuridhika mna ridhaa, yaani kukubali kwa hiari ya moyo. Mtu hawezi kuridhishwa kwa nguvu, kama vile hawezi kuozwa bila ridhaa halafu tukasema amependa. Yule anayekubali kwa kuwa hana pa kwenda, Kiswahili kina maneno yake: amesalimu amri, amekata tamaa, amenyamaza. Hajaridhika. Na anayemwamrisha mwenzake aridhike, huku funguo za ghala ziko mfukoni mwake, anatumia neno lisilo lake.

Sasa mtazame Nabothi kwa jicho hilo. Maandiko hayatuambii alikuwa maskini wala tajiri. Yanatuambia tu kwamba aliletewa bei nzuri akakataa. Mbona alikataa? Kwa sababu alikuwa ameridhika! Mtu ambaye moyo wake umetulia penye chake hanunuliki, na asiyenunulika anakuwa hatari kwa mfalme. Kuridhika kwa Nabothi hakukuwa kunyamaza. Kulikuwa kusema hapana. Angekuwa na uchu wa fedha, au wa kuitwa rafiki wa mfalme, Ahabu asingelazimika kumwua, angemlipa tu. Hapa ndipo ninapoona mafundisho ya Kikristo juu ya fedha yana meno, na wahubiri wetu wengi wameyang'oa meno hayo ili mbwa asimwume mwenye nyumba.

Turudi kwa Kĩgũũnda. Nampenda Kĩgũũnda, lakini tusimwonee huruma mpaka tukashindwa kumwona. Mwanzoni anasimama kama Nabothi. Wakubwa wanakitaka kipande chake ili wao na wageni wao wajenge kiwanda cha dawa za kuua wadudu, na barua ya kumtaka auze haimtikisi. Bei haikumshinda. Kilichomshinda ni nini? Ni heshima. Ni ile hamu ya kuonekana: arusi yenye keki, suti, viti vipya, kuwa sawa na watu wa kanisa. Naye hayuko peke yake. Hamu hiyo imewaingia mume na mke. Tunapofika sehemu ya mwisho, nyumba yao imebadilika, ina vyombo vipya, na ukutani pana ubao wa maneno ya Kikristo kama ule ulioko nyumbani kwa Kĩoi. Wakati huohuo hatimiliki imekwenda benki. Ubao umeingia, hati imetoka. Hiyo ndiyo fani, bwana! Hakuna hotuba iliyoeleza vizuri kuliko ukuta ule.

Yaani mchezo huu, ambao tunaambiwa unabeza mafundisho ya kuridhika, umeyathibitisha kwa mlango wa nyuma. Kĩgũũnda aliangushwa na watu wawili: Kĩoi wa nje, mwenye benki, na Kĩoi wa ndani, yule mdogo aliyekuwa akitamani viti vya Kĩoi mkubwa. Ukimshughulikia mmoja tu, shamba litakwenda vilevile. Wahubiri wanamshughulikia wa ndani wakimwacha wa nje aendelee kula. Wahakiki wetu wanamshughulikia wa nje, halafu wanashangaa kwa nini mkombozi akishapata kiti naye anaota kitambi.

Hapo nimeusifu mchezo. Sasa nitaje pale ninapogombana nao.

Mama yangu alichuma majani chai kwa miaka mingi. Malipo yalikuwa kwa kilo. Jioni wachumaji walipanga foleni mbele ya mizani, karani anapima, anakata kilo kadhaa, eti ni uzito wa mfuko na maji ya mvua, kisha anaandika kinachobaki. Mama alikuwa mtu wa maombi, na alikuwa ameridhika. Sijapata kumsikia akimwonea mtu kijicho. Lakini pale kwenye mizani alikuwa mtu mwingine. Alisimama karibu, akausoma mshale mwenyewe, na kilo ikikatwa zaidi ya desturi hakuondoka mbele ya karani mpaka irudishwe. Wenzake walimwita Wakili. Nilipomwuliza mbona anagombana na huku anaimba kwamba Yesu anamtosha, alinijibu kwa Kiswahili chake cha shambani: "Mimi nimeridhika na Mungu, sijaridhika na hiyo mizani." Naye alikuwa amesimama juu ya msingi imara, maana kitabu cha Mithali kinasema wazi kwamba mizani ya hila ni chukizo mbele za Mungu.

Mtu kama huyu simwoni katika Nitaolewa Nikipenda. Katika mchezo huu, Mkristo ni Kĩoi mwenye kiwanja na bastola nyumbani, au ni wale wadogo wanaomfuata, au ni maskini anayetafuta faraja ya kusahau njaa. Mkristo anayeisoma mizani hayumo. Gĩcaamba, yule mfanyakazi wa kiwandani, jirani yake Kĩgũũnda, ndiye mwenye macho makali kuliko wote, na kuna mahali anapotenganisha dini na Mungu, akionyesha kwamba hivyo ni vitu viwili. Huo ni mlango mzuri sana. Lakini mchezo unaufungua na kupita. Hatuonyeshwi mtu anayeingia humo na kuishi. Nakubali kwamba Ngũgĩ hakuwa na deni hilo. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki akasema waziwazi kwamba yeye si Mkristo, na hatuwezi kumdai mtu asichokiamini. Ila mwandishi anayeandika juu ya wanakijiji ana deni la kuwaona wote. Na Limuru, kama kwetu, haikukosa akina Wakili.

Kule kizuizini Kamiti, Ngũgĩ aliandika riwaya juu ya karatasi za chooni. Ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1980, na kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Humo swali hili la fedha na kazi linarudi kwa nguvu zaidi kupitia mfano wa talanta. Tunaujua wote: bwana anasafiri, anawaachia watumishi mali, wawili wanazalisha, wa tatu anafukia ardhini na kuadhibiwa. Katika riwaya, mfano huu unasimuliwa kwenye pango la Ilmorog, penye mashindano ya wezi na wanyang'anyi, na umegeuzwa ndani nje. Bwana ni mkoloni anayeondoka akiacha mali kwa watumishi wake weusi. Mtumishi wa tatu anagundua kwamba fedha peke yake haizai. Kinachozaa ni jasho la wafanyakazi. Basi anamrudishia bwana fedha yake kama ilivyokuwa. Anaitwa mwasi.

Wapo Wakristo wanaokasirika wakisoma sehemu hiyo, wanaona Neno limechezewa. Mimi naona limesomwa. Fikiria tulivyolifanya sisi neno talanta. Leo ukisema fulani ana talanta, watu wanaelewa anajua kuimba au kusakata mpira. Tumesahau kwamba talanta ilikuwa pesa, tena pesa nyingi: talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Ukihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni miaka 20 ya jasho la mtu mmoja. Mfano unaotuambia habari ya jasho la miaka 20, sisi tumeugeuza kuwa habari ya kwaya. Ngũgĩ, asiyekuwa wa kanisa, ndiye aliyetukumbusha kuuliza: faida hiyo ilitoka wapi, na nani aliyechoka?

Nakiri kwamba mfano wenyewe katika Mathayo unataka tuwe watendaji, tusiwe waoga, na maana hiyo sitaki kuitupa. Ajizi ni nyumba ya njaa. Lakini sura tano tu kabla yake, Mathayo huyohuyo anasimulia habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyekwenda sokoni kutafuta vibarua. Alikwenda alfajiri, akarudi asubuhi, mchana na alasiri, na ilipobaki saa moja jua lizame aliwakuta watu bado wamesimama. Akawauliza mbona mmekaa bure kutwa. Jibu lao ni la kijana yeyote anayesimama leo nje ya malango ya viwanda kule Industrial Area, Nairobi: hakuna aliyetuajiri. Jioni akawalipa dinari nzima, sawa na waliotangulia. Wale wa alfajiri wakanung'unika. Mahubiri niliyozoea kuyasikia juu ya habari hii ni ya mbinguni: hata ukiokoka dakika ya mwisho utaingia. Sawa. Lakini mbona tunaruka dinari? Mtoto wa aliyeajiriwa jioni anakula ugali uleule na mtoto wa aliyeajiriwa asubuhi. Mwenye shamba yule alihesabu tumbo, hakuhesabu saa peke yake.

Na Paulo je? Maana ndiye anayetajwa sana kila tunapoambiwa turidhike. Ni kweli aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ya kushiba na ya kuona njaa. Lakini tuangalie nani alisema, na akiwa wapi. Alikuwa kifungoni. Hakuwa tajiri anayemtuliza kibarua. Alikuwa mfungwa anayejisemea mwenyewe. Tena katika barua hiyohiyo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliompelekea kwa mkono wa Epafrodito, maana yake kuridhika hakukumfanya ajifanye hana tumbo. Na huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, akala kwa mikono yake. Yakobo naye, katika sura ya tano ya waraka wake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana. Sijawahi kusikia sehemu hiyo ikisomwa siku ya harambee, wageni wa heshima wakiwa wamekaa mbele.

Kiswahili kina mtu mwingine mashuhuri wa kuridhika, naye ni Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, lakini swali halichagui msikiti wala kanisa. Utubora anaacha kazi ya mshahara mzuri mjini, anakwenda kulima kijijini, na moyo wake unatulia. Ni kitabu cha kupendeza. Ila tukumbuke: Utubora alichagua. Alikuwa na mshahara wa kuuacha. Wangeci na Kĩgũũnda hawana cha kuacha ila ile ekari moja na nusu. Ukimwambia kibarua aige mfano wa Utubora, kwanza mpe mshahara wa Utubora, halafu umwulize kama anataka kuuacha. Hapo ndipo ridhaa itakapokuwa ridhaa.

Kuna jambo moja ambalo mchezo wa mwaka 1977 haukuweza kulionyesha, nalo ndilo linalotukaba sisi. Kĩoi wa siku hizi mara nyingi hahubiri tena kuridhika. Amebadilisha wimbo. Anahubiri mafanikio. Anasema panda mbegu, toa sadaka kubwa kuliko uwezo wako, na gari lako liko njiani. Watu wanadhani mahubiri haya ni adui wa yale ya zamani. La hasha, ni mapacha. La kwanza linamwambia kibarua utajiri wako uko mbinguni. La pili linamwambia utajiri wako unakuja mwezi ujao. Yote mawili yanaruka siku ya leo jioni, penye mizani, penye karani, penye kilo zilizokatwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Sio mbinguni, sio mwezi ujao. Leo, kabla ya jua kuchwa.

Na haya mahubiri ya pili yana ubaya wa ziada: yanamlea yule Kĩoi wa ndani. Mahubiri ya zamani yalimnyamazisha maskini lakini angalau hayakumfanya aitamani suti ya tajiri. Haya ya sasa yanamfundisha kwamba suti ndiyo ushahidi wa wokovu. Kĩgũũnda alihitaji kushawishiwa na watu wazima wa heshima ndipo akaipeleka hatimiliki benki. Wa leo ataipeleka mwenyewe, mbio, akiimba.

Ndiyo maana nasema kwamba Nabothi bado hajaandikwa katika Kiswahili chetu. Tumemwandika Ahabu vizuri sana, mpaka kitambi chake tunakijua. Tumemwandika Nabothi aliyekwisha kupigwa mawe, tukamlilia. Hatujamwandika Nabothi akiwa hai, asubuhi ile alipofikiwa na mfalme mwenye bei nzuri mkononi, akatazama mizabibu yake, akasema sitaki. Mtu aliyeridhika, na kwa sababu ameridhika, hatishiki wala hanunuliki; anayedai ujira wake wote bila kuutamani wa mwenzake. Kumwandika mtu huyo ni kazi ngumu. Ukiteleza kidogo anakuwa mtakatifu wa kwenye picha, ukiteleza upande wa pili anakuwa hotuba ya chama. Lakini yuko. Anapanga foleni ya mizani kila jioni.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoshika kalamu, mkikutana na neno ridhika katika kitabu au mimbarini, msilitupe na msilimeze. Ulizeni kwanza: nani anamwambia nani? Akiwa mwajiri anamwambia kibarua, hiyo ni hila, hata ikiwa na aya za kutosha. Akiwa kibarua anajisemea mwenyewe, huku jicho lake liko kwenye mshale wa mizani, msikilizeni vizuri. Huyo ana jambo la kusema ambalo Kĩoi hataki lisikike.